Kutoa Ni Moyo, Kupokea Ni Kazi

Jumamosi ile tulifika watu kumi na sita. Tangazo la halmashauri ya jiji lilituita kwenye mtaro saa moja na nusu asubuhi, na saa hiyo tulikuwapo, wengine na sepetu zao, wengine na reki walizoazima kwa jirani. Mtaro wenyewe ulikuwa umeziba kwa miaka. Tope lake lilikuwa jeusi na zito, limeshikamana na mifuko ya plastiki, matambara na mizizi ya majani yaliyoota humo humo. Ukichota sepetu moja unasikia kiuno. Ilipofika saa tano maji yakaanza kutembea, polepole kwanza, kisha kwa kasi, na watu wazima tukapiga kelele za furaha. Tope tulilirundika ukingoni, kwa kuwa tuliambiwa lori la halmashauri lingepita mchana kulizoa.

Mchana lori halikupita. Halikupita Jumapili, wala Jumatatu. Jumanne usiku mvua ikanyesha, na rundo lote, jasho la asubuhi nzima, likarudi mtaroni lilikotoka. Mwezi uliofuata tangazo lilipotoka tena, tulikuja wanne.

Kwenye kikao cha baadaye afisa mmoja alisema watu wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Alisema kwa masikitiko, na ninaamini alikuwa anasema alichokiona: tangazo limetoka, wamekuja wanne. Ila alikuwa anatazama upande mmoja wa shughuli. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi tumeurudia msemo huo hata tukaanza kuamini kwamba moyo ukiwepo kila kitu kimekamilika. Moyo unamtosha anayetoa. Anayepokea anahitaji ratiba, lori, mtu wa kupokea simu na fungu la fedha kwenye bajeti. Hoja yangu ni kwamba kujitolea kupitia halmashauri za miji hukwama zaidi upande huo wa kupokea, na tunapolaumu mioyo ya watu tunatibu mguu usiouma.

Ushahidi kwamba watu wapo ni mwingi. Machi 2020, korona ilipoenea Uingereza, huduma ya afya ya taifa iliomba watu 250,000 wa kujitolea kuwasaidia wagonjwa na wazee waliotakiwa kukaa ndani: kuwapelekea dawa, kuwanunulia mahitaji, kuwapigia simu wasizidiwe na upweke. Haikupita wiki, walikuwa wamejiandikisha zaidi ya 750,000, na uandikishaji ukasimamishwa kwanza ili majina yachambuliwe. Kisha wengi wao wakakaa. Waliwasha programu kwenye simu zao, wakaonyesha kwamba wako tayari, wakasubiri siku na wiki bila kuitwa hata mara moja. Huko huko mitaani, vikundi vya majirani vilivyoundwa kwa siku mbili tatu vilikuwa tayari vinabisha hodi kwa wazee wao. Waliojitolea ni watu wa nchi moja, msimu mmoja, hofu moja. Waliotofautiana ni waliowapokea.

Japani ilikuwa imelipata somo hilo mapema, tena kwa uchungu. Tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995 liliua zaidi ya watu 6,000. Katika miezi iliyofuata zaidi ya watu milioni moja walikwenda kusaidia, wengi wao wakiwa hawajawahi kujitolea maishani. Maofisa wa miji ile, baadhi yao wenyewe wamebomokewa na nyumba na kufiwa, walijikuta na misururu miwili mlangoni, wa wanaohitaji msaada na wa wanaotaka kuutoa, na hakuna mtu wa kuikutanisha. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria iliyorahisisha usajili wa vikundi vya kiraia. Na kadiri miaka ilivyokwenda ukajengeka utaratibu ambao leo umezoeleka: janga likitokea, baraza la ustawi wa jamii la mji husika hufungua kituo cha watu wa kujitolea.

Utaratibu wa kituo hicho unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hauna maajabu yoyote. Mwenye nyumba iliyojaa tope hupeleka ombi. Ombi huandikwa kwenye karatasi: nyumba iko wapi, kazi ni ipi, wanahitajika watu wangapi na sepetu ngapi. Anayefika asubuhi kujitolea hujiandikisha, hukatiwa bima, hupangwa kwenye kundi lenye kiongozi, hupewa vifaa na ramani ya kumfikisha. Jioni kundi hurudi na kueleza kipi kimekwisha na kipi kimebaki, na kilichobaki huwa ndiyo karatasi ya kesho. Ni kazi ya meza, kalamu na uvumilivu. Nikiiweka karatasi ile kando ya Jumamosi yetu ya mtaroni, naona pengo letu lilikuwa dogo kiasi cha kuumiza: hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kuhakikisha lori linafika.

Kuna wanaoniuliza, basi kwa nini tuhangaike na halmashauri hata kidogo? Vikundi vya dini vipo, vyama vya akina mama vipo, vijana wana makundi yao, na wote hufanya mema bila kujaza fomu wala kusubiri mhuri. Ni kweli, na nisingependa kuona hata kikundi kimoja kinakufa. Lakini halmashauri ina vitu ambavyo kikundi hakina. Ina ramani ya mitaro yote, wakati sisi tunaujua mmoja tu unaopita mbele ya nyumba zetu. Ina mamlaka juu ya ardhi ya umma, kwa hiyo mti uliopandwa kwa kibali chake una mahali pa kushtakia ukitishiwa kung'olewa. Inajua, au inapaswa kujua, wazee wanaoishi peke yao wako kwenye nyumba zipi. Na kikundi hufifia waanzilishi wake wakihama au wakigombana, ila halmashauri hubaki pale pale hata diwani akishindwa uchaguzi.

Wakati mwingine kitu kinachotakiwa kutoka kwake ni kidogo mno. Jijini Boston, Marekani, theluji ikianguka kwa wingi hufukia mabomba ya maji ya zimamoto yaliyo kando ya barabara, na moto ukizuka wazimamoto hupoteza dakika wakiyachimbua. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, vijana wa kompyuta waliokuwa wakishirikiana na jiji walitengeneza ukurasa wa intaneti wenye ramani ya mabomba hayo. Mkazi alichagua bomba lililo karibu na kwake, akalipa jina analopenda, akaahidi kulifukua theluji ikianguka. Jiji lilichotoa ni orodha ya mabomba yake. Honolulu, jiji la visiwani Hawaii, ikachukua wazo hilo hilo, ikalielekeza kwenye ving'ora vya kuonya tsunami, ambavyo huhitaji mtu wa kuangalia kama bado vinafanya kazi. Kazi ni ndogo, ina mipaka, iko hatua chache kutoka mlangoni, na aliyeichukua anajua kabisa ni yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa miti. Tangu mwaka 1995 jiji la New York limekuwa likihesabu miti ya barabarani kila baada ya miaka kumi, na hesabu ya 2015 ilikusanya zaidi ya watu 2,000 wa kujitolea. Hawa hawakumwagwa mitaani na kalamu mkononi. Walifundishwa kutambua aina ya mti kwa jani na gome lake. Walipewa gurudumu la kupimia umbali na utepe wa kupimia shina, na wakaelezwa kwamba unene wa shina hupimwa kwenye kimo cha sentimita 137 kutoka ardhini, karibu na kifua cha mtu mzima, kwa sababu kila mmoja akipima anapopenda vipimo haviwezi kulinganishwa. Wao pamoja na watumishi wa jiji waliandika miti zaidi ya 660,000, na miti hiyo ikawekwa kwenye ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua akautafuta ule ulio mbele ya nyumba yake.

Kinachonigusa pale ni ule utepe. Mtu aliyeambiwa apime kwenye sentimita 137 anajua kwamba kuna mahali kipimo chake kinasubiriwa. Anajua akikosea kuna kitu kitaharibika, kwa hiyo hakosei kwa uzembe. Anayeambiwa tu "karibuni tufanye usafi" hana la kumshika. Atafagia, atapiga picha, ataondoka, na wiki ijayo hatakumbuka alifagia upande gani wa barabara. Halmashauri nyingi huogopa kuwapa watu wa kujitolea kazi inayohitaji umakini, zikidhani zitawachosha. Mimi nimeona kinyume chake. Kazi isiyohitaji umakini ndiyo inayochosha haraka, kwa sababu anayeifanya anatambua kwamba hata asingekuja, pengo lake lisingeonekana.

Sasa, haya yote yana gharama, na hapa ndipo madiwani wengi hukunja uso. Wao walisikia neno kujitolea wakaelewa bure. Mratibu anayelipwa mshahara, siyo afisa aliyeongezewa kazi hiyo juu ya nyingine sita, ni gharama. Glavu, mabuti na sepetu ni gharama. Bima ya ajali ni gharama, na ni lazima, maana mtu akikatwa na chupa ndani ya tope la umma hapaswi kujitibu kwa fedha zake. Kwa wanaokwenda kukaa na watoto au kuwatembelea wazee majumbani, kuhakiki kama waliwahi kutiwa hatiani kwa makosa ya kudhuru watu ni gharama, na hii nisingekubali ikatwe hata shilingi. Kisha kuna nauli. Anayeishi kwa kibarua cha siku anaweza kutoa asubuhi yake, lakini ukimtaka atoe na nauli umemfukuza bila kumwambia. Halmashauri isiyolipa gharama hizi haijazifuta. Imezihamishia kwa mtu wa kujitolea, na kwa kufanya hivyo imechagua kuhudumiwa na wenye nafasi peke yao, halafu itashangaa kwa nini mitaa ya walio hoi haina anayejiandikisha.

Wajerumani wameielewa hesabu hii kwa muda mrefu. Nchi yao ina karibu watu milioni moja wanaozima moto kwa kujitolea. Miji mikubwa ina wazimamoto wa kulipwa, lakini sehemu kubwa ya nchi inategemea seremala, mwalimu na mwuza duka wanaoacha walichokuwa wanafanya king'ora kinapolia. Hata hivyo kikosi si mali ya hisani ya mtu. Sheria huzitaka manispaa ziwe nacho. Manispaa ndiyo inayonunua gari na mavazi, inayojenga kituo, inayogharamia mafunzo. King'ora kikilia saa za kazi, mwajiri hana ruhusa ya kumzuia mfanyakazi wala kumkata mshahara, na mwajiri binafsi hurudishiwa fedha hizo na manispaa. Hapo mtu anajitolea kwelikweli, anahatarisha uhai wake bila malipo ya mwezi, na bado nyuma yake umesimama mfuko wa umma. Vitu hivyo viwili havigombani.

Kuna hatari nyingine, na siwezi kuipita juu juu kwa sababu ndiyo inayowafanya wafanyakazi wa halmashauri wawatazame watu wa kujitolea kwa jicho la wasiwasi. Baada ya 2010 serikali ya Uingereza ilipunguza sana fedha za halmashauri, na miongoni mwa vilivyoumia ni maktaba. Mamia ya maktaba yalikabidhiwa kwa wakazi wajitolee kuziendesha, ama sivyo zifungwe. Wakazi walikubali, na ninawaheshimu kwa hilo, kwani mtu hawezi kusimama akatazama maktaba ya watoto wake inafungwa. Lakini kumwambia mtu "fanya bure au tukunyang'anye" si kumwomba ajitolee. Na mkutubi aliyesomea kazi yake alipoteza ajira kwa mkono wa jirani yake mwenye nia njema. Kipimo changu ni hiki: watu wa kujitolea wakiacha kesho, huduma ya msingi ibaki imesimama, ila ipungue joto lake. Maktaba iwe na mkutubi, na aliyejitolea asome hadithi na watoto Jumamosi. Mtaro uwe na kikosi cha halmashauri, nasi tuongeze mikono kabla ya masika. Ikiwa kuondoka kwetu kunaangusha kila kitu, basi tulikuwa waajiriwa wasiolipwa.

Upande wa pili wa hatari hiyo ni amri. Wataalamu wa takwimu za kazi walipokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani mwaka 2013 walikubaliana kwamba kazi ya kujitolea ni ile isiyolipwa na isiyo ya lazima, ifanywayo kwa ajili ya wengine. Umuganda wa Rwanda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umeleta mengi ya kuonekana kwa macho, lakini uko kwenye sheria, kwa hiyo ni jambo la aina yake. Halmashauri inayowasomea watu majina ya wasiofika imeshatoka kwenye kujitolea, na bora iseme wazi kwamba inatoza kodi ya nguvu.

Nirudi kwenye mambo madogo, kwa sababu ndimo watu wanamopotelea. Mtu anajaza fomu. Anaandika anajua nini, yuko huru siku gani. Wiki zinapita, haji mtu kumjibu. Atakapopigiwa simu miezi mitatu baadaye, ule moto umeshazimika na siku zake za nafasi zimeshapata wenyewe. Jibu la siku tatu, hata likiwa la kusema kwa sasa hatuna nafasi, lina thamani kuliko hafla yoyote ya vyeti. Nasema hivyo nikijua Desemba 5 inavyopendwa, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya watu wa kujitolea. Hotuba husomwa, vyeti hutolewa, na mimi sina ugomvi na cheti. Lakini muulize aliyepewa kama alishawahi kuambiwa kazi yake ilizaa nini. Watu waliozibua mtaro wanataka kujua kama nyumba za bondeni zilipata mafuriko mwaka huu au hazikupata. Ujumbe mmoja wa simu ungetosha.

Na wewe unayetaka kujiandikisha, uliza kabla ya kutia sahihi. Uliza nani atakayekuwa msimamizi wako kwa jina, nani analeta vifaa, ukiumia inakuwaje, na kazi ikiisha nani anaendelea pale ulipoachia. Kuuliza hivyo si kukosa adabu. Ofisi iliyojiandaa itakujibu papo hapo, na isiyojiandaa umeisaidia kuona shimo lake mapema. Sisi kumi na sita tungeuliza lori lina namba gani na dereva ni nani, pengine tope lile lisingerudi.

Kubwa kuliko yote, kwangu mimi, ni sauti. Mwaka 1969 mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, Sherry Arnstein, aliuchora ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vipandio vinane. Chini kabisa aliweka kuwachezea watu ili waonekane wameshirikishwa. Katikati, kuwaarifu na kuwauliza maoni. Juu kabisa, wananchi kushika uamuzi. Miaka ishirini baadaye, 1989, Porto Alegre ya Brazili ilianza kuwaita wakazi wapange sehemu ya bajeti ya uwekezaji ya jiji wao wenyewe, na miji mingi duniani ikafuata. Mipango mingi ya kujitolea haifiki hata katikati ya ngazi hiyo, maana inataka mikono ya watu na kuacha vichwa vyao nyumbani. Huo ni upotevu mkubwa. Aliyechota tope kwa saa tatu anaujua mtaro kuliko mchoro wowote ulioko kabatini. Anajua taka zinatokea upande gani, ukuta umeliwa wapi, maji yanasita wapi. Hakuna mshauri wa kulipwa atakayekuletea habari hizo kwa bei rahisi zaidi, maana hizi ziko tayari, zinasubiri kuulizwa.

Jumamosi ile ya kwanza alikuwapo bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, aliyekuja na jembe lake. Tulipofika kwenye kalvati inayopita chini ya barabara aliniita. "Njoo uone, mwanangu," akaniambia. Akaulaza mpini wa jembe kukatisha mtaro, juu kidogo ya kalvati: mipini miwili kamili. Kisha akainama, akaulaza kwenye mdomo wa kalvati yenyewe: mpini mmoja na robo. "Maji ya mipini miwili utayapitisha wapi hapa?" Tulikuwa tumeinama wote wawili, miguu kwenye tope, na sikuwa na jibu. Kwenye kikao kile cha baadaye, ajenda ilikuwa mahudhurio. Bibi hakualikwa. Tangazo la mwezi ujao limeshabandikwa, saa moja na nusu asubuhi, mtaro ule ule, kalvati ile ile.